Mzee Munzihirwa, mwalimu aliyebaki Bukavu wakati wakubwa walikimbia

Kila tarehe 29 mwezi wa kumi, watu wa Bukavu wanamkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa hapa mjini mwaka wa 1996. Vijana wengi wanalijua jina lake, lakini ukiwauliza alifanya nini, wanakuambia tu namna alivyokufa. Ndugu wasikilizaji, na nyinyi familia mliokimbia makwenu, leo tuseme juu ya mafundisho yake, kwa sababu yanatuhusu moja kwa moja.

Munzihirwa alizaliwa mwaka wa 1926 katika eneo la Walungu, huko Bushi. Alipata upadri mwaka wa 1958, na mwaka wa 1963 akaingia shirika la Wajesuiti. Alitumwa masomoni Louvain, Ubelgiji, akasomea mambo ya jamii na uchumi. Aliporudi alipewa kazi ya kulea vijana wa shirika lake waliokuwa masomoni Kinshasa.

Hapo ndipo alianza kufundisha kwa matendo. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969, askari walikuwa wamewapiga risasi wanafunzi walioandamana Kinshasa. Miaka 2 baadaye, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium walitaka kuwakumbuka wenzao waliokufa. Mobutu alifunga chuo na akaamuru wanafunzi waingizwe jeshini kwa nguvu. Munzihirwa alikuwa na miaka kama 45, na hakuna aliyemlazimisha. Yeye mwenyewe aliomba aingizwe jeshini pamoja na vijana wake. Kwake yeye, mwalimu hawezi kuwaacha wanafunzi wanapopelekwa mahali pagumu.

Kuanzia mwaka wa 1980 mpaka 1986 aliongoza Wajesuiti wa Afrika ya Kati. Kisha akapewa uaskofu Kasongo, kule Maniema. Mwaka wa 1994 akawa Askofu Mkuu wa Bukavu. Hata kwenye cheo hicho aliishi maisha ya kawaida, na watu wakazoea kumwita Mzee.

Mwaka huo huo wa 1994 ulikuwa mgumu kupita yote. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu zaidi ya milioni moja walivuka mpaka wakaingia Kivu. Makambi yakajaa pembeni ya mji wetu, kama Kashusha na Inera kwenye barabara ya Kavumu. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni, mashamba yakaharibika, bei zikapanda sokoni. Wenyeji walichoka. Tena, kati ya wakimbizi wale walikuwemo watu walioua kwao, na wengine walikuwa bado na silaha.

Ilikuwa rahisi kusema wote ni wauaji, ao kusema wote ni watu wazuri wanaoonewa. Munzihirwa alikataa njia hizo mbili. Alitaka wenye makosa wahukumiwe na haki, lakini mama aliyebeba mtoto mgongoni asilipishwe kosa la mwingine. Aliandika barua kwa wakubwa wa dunia akiomba watu warudi kwao kwa usalama, na viongozi wazungumze kabla vita haijaanza. Pia aliwakemea askari wa Zaire waliokuwa wanapora raia. Kwa hiyo alijipatia maadui pande nyingi. Hata leo wako wanaosema alichukua upande mmoja. Lakini mtu aliyewakemea askari wa nchi yake mwenyewe mbele ya watu, ni vigumu kusema alikuwa anafuata kabila.

Mwezi wa kumi 1996 vita ikafika. Wakubwa wengi wa serkali na wa jeshi waliondoka, na raia wakabaki bila kiongozi. Munzihirwa angeweza kuondoka pia. Alibaki, akawaomba watu wasimame imara na wasaidiane. Tarehe 29, gari lake lilisimamishwa na askari hapa Nyawera. Alishuka, msalaba mkononi, wakamuua. Mwili wake ulilala barabarani mpaka kesho yake. Alizikwa kwenye kanisa kuu la Bukavu.

Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliendelea na kazi ile ile. Ujumbe wake wa Noeli 1999 uliwakasirisha waliokuwa wanatawala Bukavu, na mwezi wa pili 2000 wakamzuia kurudi mjini, akabaki Butembo. Waamini wa Bukavu walisimama pamoja naye, na mwezi wa tisa akarudi. Alikufa Roma tarehe 4 mwezi wa kumi mwaka huo huo.

Kuna neno la Munzihirwa ambalo wazee wanalirudilia mara nyingi: kwamba kuna mambo yanayoonekana vizuri tu kwa macho yaliyolia. Nyinyi mliolala kwenye madarasa ya shule, kanisani, ao kwa familia iliyowapokea, mnalielewa kuliko sisi tunaolisoma. Hakusema machozi ni kitu kizuri. Alisema mtu aliyeteseka anaweza kumtambua mwenzake anayeteseka, hata kama hawatoki kijiji kimoja wala hawasemi luga moja. Na hapo ndipo tunajaribiwa leo: tunapogawa unga, tunapopanga nafasi ya kulala, je, tunauliza kwanza mtu anatoka kabila gani?

Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 50. Wazee wetu, mliomsikia kwa masikio yenu, msingoje tarehe 29. Waiteni watoto jioni muwaelezee. Na msianzie Nyawera. Anzieni Kinshasa mwaka wa 1971, siku mwalimu aliomba aende na wanafunzi wake.