Ngome ya La Navidad: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1492, merikebu Santa María ilikwama kaskazini mwa kisiwa cha Hispaniola. Guacanagarí, mtemi wa Wataino wa Marién, alituma watu na mitumbwi kupakua shehena. Kwa mbao za chombo hicho Wahispania walijenga ngome. Columbus, kiongozi wao, akarudi Uhispania, akaacha watu 39 chini ya hisani ya mtemi.

SASA ENDELEA…

Novemba 27, 1493, Columbus alirejea na vyombo 17. Giza lilikuwa limeingia, akaogopa kuisogelea bandari. Akaamuru mizinga miwili ipigwe. Mabaharia wakatega masikio. Ngomeni kimya, wala pwani haukuonekana moto.

Hofu ilikuwa imewaingia tangu Monte Cristi, kwenye pwani hiyohiyo, walikookota maiti nne. Moja ilikuwa na ndevu nyingi, na Wataino hawakuwa watu wa ndevu.

Usiku huohuo mtumbwi ukaja. Waliokuwemo walikataa kupanda melini mpaka wamwone Columbus kwa macho yao. Taa ikaletwa, wakamkagua uso. Ndipo ndugu wa mtemi alipopanda na vinyago viwili vya dhahabu. Wahispania wazima, akasema, ila baadhi wamekufa kwa maradhi na wengine kwa ugomvi wao wenyewe. Guacanagarí naye ameumizwa mguu akipigana na mtemi Caonabo.

Kulipokucha, ngome ilikuwa majivu. Maiti walikutwa na nguo zao, nyasi zimeota juu yao. Kati ya wale 39, hakusalia hata mmoja. Wenyeji wakasimulia jinsi walinzi walivyojitwalia wanawake, huyu watatu, yule wanne. Lakini Wahispania walimtaka mtu wa kulipa, na jicho lao likamwangukia mtemi.

Columbus akamwendea. Guacanagarí alikuwa kitandani, mguu umefungwa vitambaa, akiwalilia marehemu. Chanca, daktari wa msafara, akasema nyumba ina giza, mgonjwa atoke nje atazamwe. Mtemi akakubali. Akajikongoja mpaka mlangoni akimwegemea Columbus, mgeni ambaye yeye mtemi alimwokolea mali baharini.

Tabibu akaanza kufungua. Kitambaa cha kwanza kikatoka safi. Cha pili vilevile. Mtemi akakunja uso, akaguna kwa maumivu. Chanca akainama, akaubonyeza mguu, kisha akauangalia na ule mwingine.

Akamgeukia Columbus…

Je, ameona nini? Na Guacanagarí atatoka salama? Usikose wiki ijayo.