Bongo tulihama Nokia kwa sababu ya laini, sio kwa sababu ya umaskini

Bumu limeingia, na kama ilivyo ada hapa mlimani, kila kona ni habari ya simu mpya. Nani kachukua nini, nani kahama kampuni gani, nani kabaki na kimeo chake mpaka semista ijayo. Wiki hii chumbani kwetu ulizuka ubishi mkali. Jamaa mmoja akatoa hukumu kwamba wazazi wetu waliacha Nokia wakakimbilia Tecno na itel kwa sababu moja tu, umaskini. Vitu vya Mchina vilikuwa rahisi, basi, hakuna historia hapo.

Mimi nasoma historia, na jibu lile halikunikaa sawa. Ukweli ni kwamba Nokia nayo ilikuwa na simu za bei ya chini, tena ngumu kweli kweli. Kama tatizo lingekuwa bei peke yake, kitochi kingetosha. Hoja yangu ni hii: watu walihama kwa sababu maisha yao ya simu yalibadilika, na Nokia ikachelewa kuliona badiliko lile. Nifuateni taratibu.

Tuanze mwanzo. Simu za mkononi ziliingia nchini mwaka 1994 na Mobitel. Vodacom ikaanza mwaka 2000, Celtel ikafuata 2001. Miaka ile ya mwanzo Nokia haikuwa peke yake. Kulikuwa na Siemens, Motorola, Ericsson na nyinginezo. Siemens yenyewe iliuza biashara yake ya simu kwa BenQ ya Taiwan mwaka 2005, na mwaka uliofuata kampuni ile ya BenQ kule Ujerumani ikafilisika. Kwa hiyo kuhama simu sio jambo la kizazi chetu. Wakubwa zetu walishahama mara moja, na safari ile walihamia Nokia.

Na walikuwa na sababu. Mwaka 2003 ilitoka Nokia 1100. Ilikuwa na tochi kichwani, vibonye vilivyofunikwa ili vumbi lisipenye, na betri iliyokaa siku kadhaa. Sasa hebu fikiria kijiji cha Bahi au Mpwapwa miaka ile, hakuna umeme, vumbi la kiangazi, na simu inapelekwa senta kuchajiwa kwa mwenye jenereta au sola, na unalipia. Tochi ile haikuwa pambo. Ilikuwa taa ya kwenda zizini usiku, ndiyo maana mpaka leo simu ndogo tunaiita kitochi hata kama tochi yake ilishakufa. Duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250 za aina ile moja.

Hapa ndipo wengi wanakosea wakisema Nokia haikutujali. Ilitusoma sana tu. Ilituma watu kuangalia Waafrika na Waasia wanatumiaje simu, wakakuta simu moja inatumiwa na nyumba nzima, na wakati mwingine na mtaa mzima. Basi mwaka 2007 wakatoa Nokia 1200, iliyokuwa na madaftari kadhaa ya majina ndani ya simu moja, baba la kwake, mama la kwake, na mjomba la kwake, pamoja na namna ya kufuatilia gharama ya kila simu inayopigwa. Akili kubwa hiyo, wadau. Walitengeneza simu moja kwa ajili ya watu wengi.

Tatizo ni kwamba wakati wanaitengeneza, huku kwetu mambo yalikuwa yanageuka kinyume. Tulikuwa tunatoka kwenye watu wengi wenye simu moja, tunakwenda kwenye mtu mmoja mwenye laini nyingi.

Kwa nini laini nyingi? Sababu ya kwanza ni minara. Mitandao ilifuata miji na barabara kuu kwanza, na vijijini kila kampuni ikachagua pa kuanzia. Kwenye nyanda zetu hizi za kati, zenye vijiji vilivyotawanyika, mtandao unaoshika vizuri mjini unaweza ukakuacha ukifika kijijini, ukakuta wenzako huko wote wako mtandao mwingine. Ukitaka kuongea na bibi, unakuwa na laini ya mtandao wa bibi.

Sababu ya pili ni hela. Ukipiga simu ya mtandao mwingine, kampuni yako inailipa ile ya pili ili ikupokelee simu. Wenyewe wanaita gharama za mwingiliano. Zikiwa kubwa, kupiga nje ya mtandao kunakuwa ghali, na kampuni zinashindana kwa kukupa ofa za ndani kwa ndani. Shangazi yangu alisoma hapa hapa UDOM miaka ya mwanzo, chuo kikiwa bado kichanga (kilianza 2007). Anasimulia kwamba usiku ulikuwa wa laini moja na mchana wa laini nyingine, kulingana na ofa. Wengine walitembea na simu mbili. Wasio na uwezo wa simu mbili walikuwa wanafungua mfuniko, wanatoa betri, wanabadili laini, wanasubiri iwake. Mara kumi kwa siku. Laini ikidondoka kwenye majani, msako unaanza.

Sababu ya tatu ilikuja na M-Pesa mwaka 2008, halafu Tigo Pesa mwaka 2010. Laini ikawa pochi. Sasa ukiitoa laini ukaiweka kwenye soksi, umeiweka na hela yako pale.

Katika hali hiyo ndipo akaja Mchina na simu inayobeba laini mbili, zote ziko hewani kwa wakati mmoja. Tecno ilianzishwa mwaka 2006 Hong Kong, na mwaka 2008 wenyewe wakaamua nguvu zao zote waziweke Afrika. Ndugu yake itel naye akaja na simu ndogo za bei ya chini kabisa, zenye tochi ile ile, betri ile ile ya siku kadhaa, spika ya kupigia muziki shambani. Maana yake walichukua kila kilichokuwa kizuri kwenye kitochi cha Nokia, wakaongeza tundu la pili. Mtu wa Kibaigwa anayeuza mahindi na wateja wa Dar hakuhitaji tangazo la kumshawishi. Tundu lile la pili lilikuwa tangazo tosha.

Nokia ilijibu, lakini kwa kuchelewa. Mwaka 2010 ikatangaza C1-00, simu ya laini mbili, ila laini moja tu ndiyo inakuwa hewani, nyingine inasubiri uibadilishe. Yaani imeondoa kazi ya kufungua mfuniko, haijaondoa tatizo lenyewe. Baadaye zikaja za laini mbili za kweli, lakini soko lilishaonja. Na kwa upande wa juu Android na iPhone walikuwa wanaibana. Mwaka 2013 Nokia ikakubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu, mauzo yakakamilika Aprili 2014.

Sasa msije mkadhani nawapigia debe Wachina. Kuhama kule kulikuwa na majeruhi, na majeruhi hao tunawasahau haraka. Pamoja na simu halali za Kichina ziliingia simu feki kwa wingi, zenye majina yaliyoandikwa kwa kuibia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu ambazo namba zake za utambulisho, zile tarakimu 15 unazoziona ukibonyeza *#06#, hazikuwa halali. Sababu za serikali zilieleweka: usalama, wizi wa simu, ubora. Lakini nakumbuka nilikuwa mtoto, mjomba anaamka asubuhi simu haina mtandao, na namba za wateja wake wote wa alizeti ziko mle ndani. Yeye hakuhama kampuni kwa kupenda. Alihamishwa. Aliyenunua simu ya bei mbaya kwenye duka la uhakika hakuguswa. Aliyeguswa ni yule aliyenunua gulioni bila risiti, na huyo ndiye alikuwa na kidogo zaidi cha kununulia nyingine.

Kwa hiyo yule jamaa yetu wa chumbani ana nusu ya ukweli. Umaskini upo kwenye hadithi hii, ila haukuamua watu wahamie wapi. Uliamua nani aumie wakati wa kuhama.

Halafu angalieni ajabu ya historia. Zile sababu za laini mbili zimeendelea kupungua moja baada ya nyingine. Gharama za mwingiliano zilishushwa na TCRA hadi shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013, na hadi 15.60 mwaka 2018, zikaendelea kushuka. Kuanzia 2014 kampuni zilianza kuruhusu kutuma hela kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, Vodacom akaingia 2016. Machi 2017 ukaja utaratibu wa kuhama mtandao na namba yako ile ile. Na bado simu nyingi mnazoziona hapa kampasi zina laini mbili. Tabia iliyozaliwa na shida hubaki hata shida ikipungua. Na kampuni iliyoielewa tabia hiyo, Transsion, mama wa Tecno, itel na Infinix, iliingia soko la hisa la Shanghai mwaka 2019, ikiwa tayari imeota mizizi kwenye mifuko ya Waafrika.

Somo ninalolipata ni kwamba Nokia haikuanguka huku kwetu kwa kutotujua. Ilitujua vizuri sana, ila ilitujua wa jana. Na Tecno asijisahau, maana yatamkuta hayo hayo siku tukibadilika tena.

Ombi langu kwenu ni dogo. Vitabu vya historia tunavyosoma vimejaa mikataba na marais, hakuna ukurasa unaosema kwa nini mama yako alinunua simu ya laini mbili. Mkienda likizo waulizeni wazazi: laini ya kwanza ilikuwa ya nini, na ya pili mliinunua ili mumpigie nani? Majibu yaandikeni kwenye daftari kabla hayajapotea kama zile namba za mjomba.

Naomba kuwasilisha.