Bahari Haina Jiwe la Mpaka

Hapa Same bahari hatuioni. Upande mmoja imesimama milima ya Upare, upande wa pili nyika inakwenda hadi Mkomazi. Lakini kesi za mpaka tunazijua. Mfugaji akishtakiwa kuingiza ng'ombe hifadhini, swali huwa lile lile: walikamatwa ndani au nje? Na shahidi anaweza kupaendea mahali penyewe, akapaonyesha kwa kidole.

Baharini hataonyesha nini?

Januari 2006 jahazi la India, Safina Al Bisarat, lilitekwa na Wasomali wenye silaha. Manowari ya Marekani, Winston S. Churchill, ililifuatia, ikafyatua risasi za onyo. Watu 10 wakakamatwa, wakapelekwa Mombasa. Mwaka huo huo mahakama iliwatia hatiani, kila mmoja miaka 7.

Walikata rufaa. Kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilitaja uharamia wa bahari kuu bila kueleza maana yake. Tena mateka walikuwa Wahindi, washtakiwa Wasomali, wakamataji Wamarekani: Kenya imeingiaje? Mei 2009 Jaji Azangalala alijibu kwamba haramia ni adui wa mataifa yote, hivyo taifa lolote laweza kumhukumu. Novemba 2010, katika kesi ya washtakiwa wengine 9, Jaji Ibrahim alisema kinyume: yaliyotendeka nje ya maji ya Kenya hayakuwa yake kuyaamua. Mahakama ya Rufani ilimpinga Oktoba 2012.

Mabishano hayo ni ya mawakili. Ushahidi wenyewe una ugumu wake. Sheria ya kimataifa inataka kitendo kiwe cha ukatili, utekaji au uporaji, kifanywe kwa manufaa binafsi, kutoka chombo kimoja dhidi ya kingine, katika bahari kuu. Kila kipande kinahitaji mtu wa kukisema kizimbani. Baharia huishi kwa safari. Meli yake haimsubiri mpaka kesi itajwe tena. Bunduki hutupwa majini manowari inapoonekana. Kisha mshtakiwa anasema: mimi ni mvuvi.

Na huenda ni kweli. Pwani ya Somalia wavuvi wapo, na wengine hubeba bunduki kujilinda. Kwa hiyo mwendesha mashtaka hutafuta vitu vidogo. Ngazi yenye kulabu ilikuwa ya nini? Nyavu ziko wapi? Mapipa ya mafuta yote haya ni ya safari ya kwenda wapi?

Kwetu mtu akikutwa na ng'ombe wa mwenzake usiku, wazee huuliza kamba ni ya nani. Mombasa hakimu aliuliza hivyo hivyo kwa lugha ya sheria. Asipouliza, mvuvi atafungwa kwa sura na asili yake, na baharia aliyeshikiwa bunduki atabaki hana wa kumsikiliza.