Pikapu ya Daraja: Historia Kabla ya Kutoa Pesa

Leo tunaacha programu kidogo tuongee kuhusu pikapu. Si ile inayobeba kabeji kutoka Molo hadi Nakuru mjini, bali kifaa kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Langu lina pikapu tatu, na ile ya karibu na daraja imekufa. Nikiipima kwa mita, ome hazisomi kabisa, yaani waya umekatika ndani. Bendi yetu hupiga benga harusini, na solo yote hutoka hapo. Kwa hivyo, nichague ipi?

Tuanze na asili yake. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika, uga wa sumaku hubadilika na umeme mdogo huzaliwa katika waya. George Beauchamp alifanikisha jambo hilo Marekani mwaka 1931, na hataza yake ikatolewa mwaka 1937.

Shida ni kwamba koili hiyo pia ni antena. Hunasa mvumo wa stima, ambao kwetu Kenya ni wa hezi 50. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson akaleta dawa: koili mbili zenye sumaku na mizunguko iliyopinduliwa. Sauti ya nyuzi hujumlishwa, mvumo hujifuta. Wale wa mitandao mtaitambua hila hii, kwani nyaya zilizosokotwa jozi jozi ndani ya kebo ya intaneti zinatumia wazo la ukoo huo. Lakini kuna gharama: koili mbili husikiliza sehemu pana zaidi ya uzi, na ule mlio mkali wa juu hupungua.

Mwaka 1972 Larry DiMarzio akauza Super Distortion, pikapu ya kubadilishia iliyo maarufu mpaka leo. Ina nguvu nyingi, ili amplifaya ielemewe na ikwaruze. Kwa roki ni tamu. Tangu hapo, ukiuliza pikapu ya daraja, wengi watakwambia chukua yenye nguvu zaidi.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba Chemirocha kwa kinubi. Gitaa la benga lilikuja baadaye likiwa na tabia ya vinubi vya namna hiyo: sauti fupi, za juu, kila moja ikisikika peke yake. Kericho, duka la Chandarana lilitoa santuri nyingi za muziki huo, na Kipchamba arap Tapotuk akaupiga kwa Kikalenjin. Solo yake ni mazungumzo. Ukiikwaruza, maneno yanapotea.

Karibu na daraja uzi husogea kidogo, ndiyo maana sauti ya hapo ni nyembamba na kali. Watengenezaji huongeza mizunguko kufidia. Ila kila mzunguko unaozidi huongeza nguvu na kupunguza ukali, na benga inataka ukali huo.

Basi uamuzi wangu ni huu: koili moja, sumaku ya alniko, kama kiloome 7 hivi. Kabla ya kulipa nitapima nafasi kati ya nyuzi, isije ya pembeni ikakosa sumaku. Na mvumo je? Pikapu ya katikati ya gitaa langu imepinduliwa, sumaku na mizunguko. Nikiwasha hizo mbili pamoja, hila ya Seth Lover inafanya kazi bila kununua kitu. Ukumbi ukiwa na stima chafu, nitasogeza swichi. Ukiwa msafi, daraja litaongea peke yake, na wazee harusini watasikia kila neno.