Club 33 ya Disneyland: Je, Kudishi Nyuma ya Mlango Uliofungwa Kunafaa Hiyo Doh Yote?

Kama umewahi kusimama nje ya klabu Westlands, umevaa fiti, mbogi yako iko nyuma, halafu baunsa anakuambia hapa ni pa wanachama tu, unajua vile hiyo kitu huuma. Na cha kushangaza, ukishafukuzwa ndio unataka kuingia zaidi. Ghafla unaanza kuwaza kule ndani kuna nini ambacho wewe hufai kuona.

Sasa chukua hiyo feeling uipeleke California, Marekani, katikati ya bustani ya burudani ambayo watoto wa dunia nzima huiota usiku. Humo ndani, kati ya michezo, muziki na foleni za kutoa jasho, kuna mlango ambao watu wengi hupita tu bila kujua unaenda wapi. Nyuma yake kuna Club 33. Ukitaka kukaa pale kama mwanachama, andaa mamilioni, na tunaongea shilingi.

Swali ni moja: inafaa ama ni kuchomwa tu? Twende polepole.

Club 33 ni nini hasa?

Disneyland ilifunguliwa Julai 1955 mjini Anaheim. Mwenyewe Walt Disney hakutaka pombe iuzwe kwa umma mle ndani, maana alitaka mahali pa familia. Lakini biashara ni biashara. Alikuwa na wadhamini, makampuni makubwa yaliyotoa pesa za kujenga bustani, na wakubwa wa makampuni huwezi ukawakalisha kwenye benchi na soseji mkononi.

Wazo lenyewe alilitoa kwenye maonyesho ya dunia ya New York ya 1964 na 1965, ambako makampuni yalikuwa na vyumba spesheli vya kupokea wageni wao. Akasema na yeye atajenga chake. Akachagua ghorofa ya juu kwenye mtaa wa New Orleans Square ndani ya Disneyland.

Bahati mbaya hakuwahi kula hapo. Walt alikufa Desemba 1966, na klabu ikafunguliwa Juni 1967, miezi sita baadaye.

Jina je? Kuna stori nyingi mtaani, wengine wakisema 33 ni idadi ya wadhamini. Disney wenyewe husema ni anwani tu: namba 33, Royal Street. Mpango wa Walt ulikuwa na vituko pia. Katika chumba kimoja, maikrofoni zilifichwa kwenye taa za dari ili ndege bandia aweze kuwajibu wageni wakiwa wanakula. Imagine unasengenya bosi wako halafu tai anakujibu. Hiyo plani haikuendelea baada ya mzee kufa.

Leo kuna Club 33 pia Tokyo, Shanghai na kwenye bustani nne za Walt Disney World kule Florida. Lakini ya Anaheim ndiyo mama yao wote.

Haya, bei

Hapa shikilia kiti. Disney haitangazi bei, kwa hivyo namba zinazojulikana ni zile zimeripotiwa na vyombo vya habari au kutajwa mahakamani. Ripoti za Marekani zimetaja ada ya kuingia kuanzia dola 25,000 kwenda juu. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni zaidi ya milioni 3.2. Hiyo ni ya kufunguliwa mlango pekee.

Halafu kuna ada ya kila mwaka. Katika kesi moja tutakayoongea hapa chini, mke na mume walisemekana kulipa karibu dola 31,500 kwa mwaka. Hiyo ni kama milioni 4.1 za Kenya, mwaka baada ya mwaka, uende usiende.

Na bado chakula unalipa. Umesoma vizuri. Hiyo ada haikununulii hata supu. Ukikaa mezani unaletewa bili kama kawaida.

Wacha tupige hesabu ya kibanda. Tuseme unalipa hiyo 31,500 na unaenda mara mbili kwa mwezi, mara 24 kwa mwaka. Kila ukiingia umeshatumia dola 1,312 kabla hujaagiza maji. Hiyo ni kama elfu 170 za Kenya. Ukienda kila wiki, mara 52, inashuka hadi kama dola 606, yaani kama elfu 79. Kwa hivyo hata sonko anayeishi karibu na lango na hana kazi nyingine ya kufanya, bado analipa pesa ya kutetemesha.

Unapata nini?

Tuwe fair. Hupati chakula peke yake. Uanachama umekuwa ukija na pasi za kuingia bustanini, na hiyo si kitu kidogo, maana tiketi ya siku moja ya Disneyland huanzia dola 104 siku tulivu na kupita dola 200 siku zenye umati. Unapata pia nafasi ya kuwaleta wageni wako. Kuna ukumbi wa kula na kuna sebule yenye muziki wa jazz iliyotengenezwa wakati wa ukarabati mkubwa wa 2014.

Lakini kitu wanachama hununua kwa kweli ni utulivu. Mtu yeyote aliyezunguka bustani ya burudani na watoto wawili, jua limewaka, mmoja analia na mwingine amemwaga soda, anajua thamani ya kiti laini, hewa baridi na mtu anayekujua kwa jina. Hiyo haipatikani kwenye menyu.

Kitu cha pili ni heshima. Kuweza kumwambia mteja au mkwe, "Njooni Jumamosi, nitawaingiza pahali." Kwa mtu ambaye biashara yake inaendeshwa na hizo connection, huenda hiyo pesa inarudi.

Kitu kimepungua

Hapa ndipo unafaa kufungua macho. Kwa miaka zaidi ya 50, Club 33 ilikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mkahawa mwingine ndani ya Disneyland ulikuwa nacho: pombe. Ukitaka mvinyo mle ndani, ilikuwa ni hapo ama utoke nje.

Halafu mambo yakabadilika. Mwaka wa 2001 bustani jirani, Disney California Adventure, ilifunguliwa ikiuza pombe kwa kila mtu mzima. Mwaka wa 2019 Disneyland yenyewe ikafungua Oga's Cantina katika eneo la Star Wars. Mwaka wa 2021 Blue Bayou nayo ikaanza kuuza. Kwa hivyo ile siri kubwa ya Club 33 sasa inapatikana kwa yeyote mwenye kitambulisho na booking.

Kumbuka pia vile klabu ilivyopanuka. Kulikuwa na ua mdogo maridadi, Court of Angels, wenye ngazi zilizopinda, ambapo familia za kawaida zilikuwa zikipiga picha za harusi na za Krismasi bila kulipa chochote zaidi. Klabu ilipokarabatiwa, ule ua ukawa njia ya kuingilia wanachama. Milango ikafungwa. Watu walilia sana, na si kwa sababu ya chakula.

Kesi iliyofungua watu macho

Sasa sikiza hii. Mke na mume mmoja walingoja miaka mingi hadi wakapata uanachama 2012. Walikuwa wapenzi wa Disney wa kufa na kuzikana. Mwaka wa 2017 usiku mmoja, walinzi wakampata bwana akiwa katika hali mbaya karibu na klabu. Kampuni ikasema amelewa hadharani. Yeye akasema ni kipandauso, aina ile inayoleta kizunguzungu. Uanachama ukafutwa.

Wakaenda mahakamani. Kesi ikavuta miaka, na iliripotiwa kwamba walitumia karibu dola 400,000, kama milioni 52 za Kenya, wakitafuta kurudishwa. Mwaka wa 2024 jopo la raia lililosikiza kesi likaamua kwa upande wa Disney. Mlango ukabaki umefungwa.

Sitaki uchague nani alikuwa na haki. Nataka uone kitu kimoja. Nairobi tunajua klabu za wanachama. Muthaiga Country Club ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1913, na hadi leo pesa pekee haikuingizi, lazima mwanachama akupendekeze. Lakini klabu kama hiyo ni ya wanachama wenyewe. Wao ndio huchagua viongozi na kubishana kuhusu sheria.

Club 33 si hivyo. Ile ni mali ya kampuni. Wewe ni mteja aliyelipa sana, basi. Sheria zinaandikwa na kampuni, na mwanachama hubeba msalaba wa tabia yake pamoja na ya wageni wake. Binamu yako akilewa na kuanza kumtukana Mickey, ni wewe utaandikiwa barua.

Kama huna hizo mamilioni

Usijali, kuna njia.

Ya kwanza, Blue Bayou. Mkahawa huu uko hapo hapo New Orleans Square, chini ya Club 33, na ulifunguliwa mwaka huo huo wa 1967. Uko ndani ya mchezo wa Pirates of the Caribbean. Hata ukienda saa sita mchana, mle ndani ni usiku wa milele, na maboti yanapita polepole kando ya meza. Huhitaji uanachama. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, kwa hivyo weka alamu.

Ya pili, Carthay Circle, upande wa California Adventure. Jengo limeigwa kutoka kwa ukumbi wa sinema ambako Snow White ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Desemba 1937. Ndani yake kuna chumba kinachoitwa 1901, mwaka aliozaliwa Walt, na hicho ni cha wanachama wa Club 33. Lakini mkahawa wenyewe ni wa kila mtu. Mtakuwa chini ya paa moja, mkitenganishwa na ukuta.

Ya tatu ni ya mbogi yenye mkwanja: 21 Royal. Ni dinner ya watu wasiozidi 12 katika makao ya kifahari juu ya New Orleans Square. Ilipozinduliwa 2017 bei ilikuwa dola 15,000 kwa kikundi kizima, chakula na kiingilio cha bustani ndani. Mkigawana ni dola 1,250 kila mtu. Ni pesa nyingi, ndiyo, lakini unalipa mara moja, unakula, unaenda home. Hakuna ada ya mwaka ujao.

Na kama una mtu Cali anayemjua mwanachama, mwombe mwaliko kwa heshima. Usinunue "nafasi" kwa mtu usiyemjua mtandaoni. Ukifika mlangoni jina lako halipo, huna pa kushtaki.

Uamuzi

Kwa chakula peke yake, hapana. Hakuna sahani duniani inayohitaji milioni nne kwa mwaka kabla ya kufika mezani.

Kwa mtu anayeishi karibu, anayeenda kila wiki, anayetumia klabu kupokea wateja, na ambaye hiyo pesa ikipotea hatalala njaa, inaweza kuwa na maana. Hao ni wachache, na hawasomi makala wakijiuliza kama inafaa.

Kwa wewe na mimi, nenda mara moja ukialikwa. Vaa vizuri, kula polepole, toka kwenye kibaraza uangalie umati chini, piga picha kama unaruhusiwa, mshukuru mwenyeji wako. Stori utakuwa nayo maisha yako yote, na haikulipishi mwaka ujao.

Lakini kujiweka kwenye foleni ya miaka, kuchukua mkopo, ama kuuza ploti ili jina lako liandikwe kwenye kitabu cha mtu? Kaa ukijua kwamba anayeshika kalamu ndiye pia anashika rubba. Blue Bayou utaingia na booking tu, na pale ndani ni usiku kila saa.