Kabla ya tangi langu kulikuwa na tangi kubwa, Ziwa Nakuru

Samaki wangu watano wa kwanza hawakumaliza wiki. Walikuwa gapi, wale wadogo wenye mkia kama leso. Niliwanunua mjini Nakuru nikawabeba ndani ya chupa ya lita mbili, kwa matatu, mpaka chumba changu Njoro.

Tangi lenyewe halikuwa na shida. Fundi wa vioo vya madirisha alinigundishia la lita 30 kwa silikoni, nikaliacha likauke siku mbili vile alivyoniambia. Nikaosha kokoto, nikajaza maji ya kisima cha ploti, nikachomeka kapampu ka hewa, na jioni hiyo hiyo samaki wakaingia. Siku ya tatu wakaanza kupanda juu wakitweta. Siku ya tano nilikuwa na tangi safi sana, lisilo na kitu.

Mathe wa ploti alisema ni stima iliyowaua. Jamaa ninayeishi naye akasema ni njaa, yeye kila kitu kwake ni njaa. Mimi nikaanza kusoma, na kusoma kukanitoa Njoro kukanipeleka Magadi.

Iko hivi, wasee. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwa matamvua. Kwa tangi lililozoea kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina ukali mwingi. Tangi jipya halina hao bakteria, na kuwapata huchukua kama wiki nne hadi sita. Mimi niliwapa dakika arobaini. Halafu kuna hili: maji yakiwa na alkali nyingi, amonia ile ile huwa sumu kali zaidi. Na visima vyetu huku vinapita kwa mawe ya volkano. Kama umekulia Nakuru unajua hadithi ya floridi bila kusoma kemia, angalia tu meno yetu. Maji hayo hayo mara nyingi huwa na alkali.

Sasa kuna samaki mmoja aliyemaliza hili swali kitambo. Ni tilapia mdogo wa Ziwa Magadi, jina la kisayansi Alcolapia grahami. Anaishi kwa maji ya magadi yenye pH karibu 10, mengine yakitoka chemchemi za moto zinazokaribia nyuzi 40. Kwa maji kama hayo amonia haitoki mwilini kirahisi, kwa hivyo yeye hutoa urea, kama wewe na mimi. Samaki wengi sana hawawezi hiyo kazi.

Na huyo samaki yuko Nakuru. Hakuja mwenyewe.

Ziwa Nakuru halikuwa na samaki. Lilikuwa na mwani wa spirulina, heroe wa kuula, na mbu. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1960, watu walimtoa huyu tilapia Magadi wakammwaga hapa, zaidi ya mara moja, ili ale viluwiluwi vya mbu. Yaani walifanya nilichofanya mimi, ila wao walichagua samaki anayefaa maji yao. Hapo wamenishinda, nakubali.

Akashika, akazaana. Mahali palipo na samaki, walaji hawakosi: mwari wakaja, mnandi wakaja. Mwari wakawa wanataga kwenye visiwa vya Elmenteita, ambako hakukuwa na samaki wa kuwatosha, wakiruka kuja Nakuru kula. Mbuga ilipotangazwa rasmi kuwa ya kitaifa mwaka 1968, ziwa lilikuwa tayari si lile la mwanzo. Ukienda trip ya shule ukaambiwa "hii ndiyo asili yetu", mwari unaowapiga picha walifuata samaki walioletwa kwa ndoo. Mimi nawapenda hao mwari. Lakini mbu bado wako, uliza mtu yeyote anayelala bila neti.

Naivasha ndiyo inaniuma. Samaki wa asili aliyejulikana pale ni kadogo, Aplocheilichthys antinorii, saizi ya kidole. Mwaka 1929 besi wa mdomo mkubwa akaletwa kutoka Marekani, kwa starehe ya wavuvi wa ndoano. Tilapia wa aina kadhaa wakaongezwa. Yule mdogo alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi wa Louisiana, ambao waliguguna mimea ya majini vibaya sana. Mwanzo wa miaka ya 2000 akaja samaki aina ya kapu (ndiyo, kama kapu la sokoni), na leo wavuvi wengi wa pale wanakula kwa jasho lake. Kwa hivyo siwezi kuja hapa kuwaambia eti watolewe. Watatolewa vipi, na watoto wa Karagita wale nini?

Kwenye orodha ya samaki walioletwa Naivasha, gapi wangu wako pia. Jina lao linatoka kwa Robert Guppy, aliyewatuma London kutoka Trinidad mwaka 1866, na baadaye wakasambazwa nchi nyingi kwa sababu ile ile: mbu.

Mara ya pili nilisubiri wiki tano. Kichujio cha sponji, mmea mmoja, chembe ya chakula kila siku ili bakteria wapate kazi. Kisha gapi watatu. Wakaishi. Kufikia mwisho wa semesta walikuwa kumi na tisa, na likizo ni ya miezi mitatu.

Jamaa yangu akaniambia, "Si umwage tu kwa mto?" Mto Njoro uko hapo chini, unatembea nao dakika chache. Unatoka Mau, unapita chuo, unaishia Ziwa Nakuru. Nilisimama kwa daraja na ndoo, sitadanganya. Nikarudi nayo.

Saa hii niko kwa matatu naenda Gilgil, ndoo iko mapajani, imefunikwa kitambaa. Makanga ameniuliza kama ni maziwa. Nimemwambia ni samaki kumi na tisa. Ameangalia, ameanza kuhesabu, kisha amenitoza nauli ya watu wawili.