Mteja kwanza, kompresa baadaye: safari ya rangi ya kupuliza hadi kando ya Tanganyika

Barabara ya RN3 ikitoka Bujumbura hufuata ukingo wa ziwa Tanganyika kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, na Magara iko njiani humo, ziwa upande mmoja na milima upande wa pili. Kijana wa hapa aliyejaliwa mkono wa kuchora haoni uhaba wa mahali pa kuchorea. Mitumbwi inataka majina, maduka yanataka mabango, kinyozi anataka picha za mitindo ya nywele ukutani. Lakini akifungua simu anakutana na basi la Nairobi lililopambwa kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma, sura ya mwanamuziki imetokeza ubavuni kama picha ya kamera, hakuna alama ya brashi hata moja. Hapo ndipo tamaa ya kununua kompresa na brashi ya hewa inapomshika.

Swali lake ni la biashara: aanze na mashine au aanze na nini? Brashi ya hewa ina historia ya karibu miaka 150, na ukiifuata kutoka Marekani hadi Lubumbashi, Dar es Salaam na Nairobi, jibu lake halibadiliki sana.

Ilianzia kwenye picha za watu

Mwaka 1876 mpiga picha wa Marekani, Francis Edgar Stanley, alisajili kifaa cha kunyunyizia rangi kwa pumzi ya hewa. Huyu ndiye Stanley ambaye baadaye, pamoja na pacha wake Freelan, alijulikana kwa kutengeneza magari ya mvuke. Miaka michache baadaye, huko Webster City katika jimbo la Iowa, Abner Peeler naye alitengeneza chombo chake, na haki za kukitumia zikaishia mikononi mwa Liberty Walkup. Mwaka 1883 Walkup alianzisha kampuni mjini Rockford, Illinois, ya kuunda na kuuza vyombo hivyo.

Waliovinunua walikuwa wapiga picha na wachoraji wa sura. Zama hizo picha ikikuzwa ilififia. Macho yalipotea, ukosi wa shati ukachanganyika na shingo. Familia ilitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni, na ilikuwa tayari kulipa. Fundi alikuwa na kazi mezani tayari, ila kuijaza picha vivuli kwa mkono kulimla muda. Chombo cha hewa kilimpunguzia muda huo. Walkup aliwauzia mashine watu ambao wateja wao walikuwa wameshapiga hodi.

Umbo la kalamu tunalolijua leo lilitokana na Charles Burdick. Chombo chake kiliuzwa na Thayer & Chandler wa Chicago, na kilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya mji huo mwaka 1893. Burdick alihamia Uingereza, na huko chombo kikauzwa kwa jina la Aerograph. Namna kinavyofanya kazi haijabadilika sana. Kidole cha shahada hukaa juu ya kitufe. Ukibonyeza, hutoka hewa tupu. Ukikivuta nyuma kidogo, sindano nyembamba iliyo ndani hurudi, rangi ikapata upenyo na kuingia kwenye mkondo wa hewa. Karibisha ncha ukutani, utapata mstari mwembamba. Isogeze nyuma, mstari unageuka ukungu. Kumaliza nako kuna utaratibu wake: funga rangi kwanza, hewa ifuate. Anayegeuza mpangilio huo huacha tone kwenye ncha, na mstari unaofuata unaanza na doa, mara nyingi katikati ya shavu la mtu.

Daktari wa koo na rangi ya magari

Ndugu mkubwa wa brashi ya hewa, ile bunduki ya rangi ya gereji, alitoka hospitalini. Mwaka 1888 daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alibuni kifaa cha kupulizia dawa kwenye koo la mgonjwa. Mwanawe Thomas akaichukua kanuni hiyo, na kufikia 1907 alikuwa ametengeneza bunduki ya kupulizia rangi.

Bunduki hiyo ilipata kazi yake kubwa magari yalipoanza kuundwa kwa wingi. Rangi za zamani zilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na gari liliweza kukaa wiki kadhaa likisubiri kukauka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilitoa rangi ya Duco, nyepesi ya kupuliza na ya kukauka upesi, na kazi ya wiki ikawa ya siku. Tangu hapo kupaka gari rangi kukawa kazi ya kompresa.

Njia hiyo ndiyo iliyoileta hewa ya kubana kwenye miji yetu. Kompresa nyingi za mijini zilinunuliwa kwa ajili ya kujaza upepo matairi na kupaka magari yaliyonyooshwa bodi. Msanii alikuja baadaye, akaomba bomba la hewa baada ya kazi za mchana. Hadi leo mchoraji mwenye brashi ya hewa lakini asiye na kompresa humtegemea mwenye gereji, na anayemiliki kompresa ndiye mwenye sauti wakati wa kugawana malipo.

Waliojenga jina kwa brashi

Wachoraji wakubwa wa ukanda wetu hawakungoja hewa. Katika miaka ya 1920, huko Bukama mkoani Katanga, Albert Lubaki alichora kwenye kuta za nyumba. Ofisa wa Kibelgiji Georges Thiry aliziona kuta hizo mwaka 1926, akampa karatasi na rangi za maji, na miaka mitatu baadaye kazi zake zikaonyeshwa Brussels. Kuta zilitangulia, karatasi ikafuata.

Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968. Vifaa vyake vilikuwa vya duka la vitu vya ujenzi: ubao wa dari uliokatwa mraba, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Alichagua pa kuuzia kwa akili, maeneo ya Oysterbay walikokaa wageni wenye pesa. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu, lakini alikuwa ameshawafundisha jamaa zake, na kazi hiyo ikawa riziki ya mamia ya watu baada yake. Rangi ile ya baiskeli ilikuwa rahisi na iling'aa, na mteja aliipenda kwa kung'aa kwake.

Upande wa pili wa ziwa letu na mbele zaidi, Kongo ilizaa wachoraji wa mabango walioishia kwenye makumbusho ya Ulaya. Chéri Samba aliingia Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 16, akafanya kazi kwa wachoraji wa mabango, na mwaka 1975 akafungua karakana yake. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa Paris, kwenye maonyesho ya Magiciens de la terre. Alichojifunza kwenye mabango hakukiacha: aliendelea kuandika maneno ndani ya picha, kwa kuwa mpita njia husimama asome, na akisimama huwa ameshaiangalia picha.

Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1947, alichora historia ya nchi yake kwenye turubai za magunia ya unga. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100, na mazungumzo yao juu ya picha hizo yalifanyika kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Kabla ya hapo aliishi kwa kuuza picha mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Alijua kila familia inataka ukuta wake useme nini.

Nairobi: ushindani ulivyolisha rangi

Brashi ya hewa ilipata makao yake makubwa ya Afrika Mashariki kwenye matatu za Nairobi, na ilisubiri muda mrefu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Magari yakaongezeka, na mwenye gari akajikuta kituoni na wenzake kumi wanaokwenda njia ileile kwa nauli ileile. Abiria angechagua kwa kigezo gani? Muziki, mwendo na sura ya gari. Katika miaka ya 1990, vijana walipokolewa na muziki wa rap, mwenye gari lisilochorwa alianza kuonekana amezeeka.

Hapo ndipo hewa ilipolipa. Gari likiegeshwa kwa ajili ya kuchorwa haliingizi senti, kwa hiyo mwenye mali anataka kazi ya haraka, na ubavu mzima wa basi ukipakwa kwa brashi ya mkono ni kazi ya kuchosha. Uchoraji huo pia una faida nyingine kwa fundi: fasheni yake haidumu. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, iliyokuwa ikigombewa na wanafunzi wa vitongoji vya Rongai au Umoja hupitwa na nyingine mpya, na mwenyewe akitaka kurudi kwenye chati lazima arudi kwa mchoraji. Mteja anayerudi ndiye anayelipia kompresa.

Kisha sheria ikabisha hodi. Kanuni zilizopewa jina la Waziri wa Uchukuzi John Michuki, za mwaka 2003, zilianza kutekelezwa Februari 1, 2004. Zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa njano ubavuni, na michoro ikafutwa. Abiria wengi walizifurahia kwa sababu ajali zilikuwa zimewachosha, lakini kwa wachoraji zilifunga duka. Michoro ilirudi kwa kujificha na kwa kuvizia, hadi mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipotamka wazi kwamba vijana waachwe wapambe magari. Kwa muda wa miaka kumi fundi aliyekuwa na mashine nzuri na mkono mzuri hakuwa na uhakika wa ubavu wa kuchorea.

Dar es Salaam ilifuata njia nyingine. Daladala zilipangiwa mistari ya rangi kwa kadiri ya njia zake, na ubavu ukawa wa mamlaka ya usafiri. Ubunifu wa wenye magari ukajibana kwenye kioo cha nyuma, kwa maneno ya mafumbo na majina ya timu za mpira.

Magara inajifunza nini

Fundi wa mwambao wa Burundi anafanya kazi katika mazingira yanayofanana zaidi na siku za mashaka za Nairobi. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria ziliondolewa katikati ya Bujumbura, na aliyetegemea kupamba vyombo hivyo aliona agizo la siku moja likimpunguzia wateja. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umeyafanya magari mengi yakae kwenye foleni ya kituo cha petroli, na mwenye gari asiyeingiza kitu hafikirii mapambo. Umeme ukikatika, kompresa inanyamaza.

Mtumbwi nao ni mteja wa aina yake. Mvuvi wa ndagala na mukeke anataka jina lisomeke kutoka mbali na lidumu kwenye maji na jua. Mbao hunywa rangi, kwa hiyo hupigwa msasa na kupakwa rangi ya kwanza kabla ya herufi. Rangi ya mafuta inayoishi juu ya mbao ni nzito, ilhali tundu la brashi ya hewa ni la milimita 0.2 hadi 0.5 tu. Ili ipite lazima iongezwe thina hadi iwe nyepesi, nayo ikishakuwa nyepesi hivyo inahitaji tabaka nyingi. Upepo wa ziwa hupeperusha nusu yake na kurusha mchanga kwenye iliyobaki. Kwa kazi hiyo brashi ya nywele inashinda, na inagharimu kidogo sana.

Hewa ina nafasi yake mahali pengine: tangi la pikipiki, kofia ngumu ya dereva, boneti la basi, na hasa picha za sura. Familia inayotaka picha ya mzee aliyefariki ikuzwe na kuwekwa rangi ni mteja yuleyule aliyempa Walkup soko mwaka 1883. Stika za kuchapwa kwa kompyuta zimechukua sehemu kubwa ya maandishi ya magari, Nairobi na kwingineko, lakini stika hailali vizuri kwenye ukuta wenye mikwaruzo wala kwenye mbao zilizopinda, na hapo fundi bado ana bei yake.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye hesabu za wengi. Rangi za magari zinazochanganywa na kigumishi hubeba kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huweza kumwachia mpulizaji pumu ya maisha. Kitambaa puani hakizizuii. Barakoa ya kichujio cha mkaa ni ulinzi wa chini kabisa, tena mahali penye hewa ya kutosha. Banda lililofungwa kwa rangi za aina hiyo linahitaji kifaa cha kumletea fundi hewa safi kutoka nje. Anayepiga hesabu ya kompresa ahesabu na hivyo.

Basi kijana wa Magara aanze na brashi mbili, msasa na daftari. Aandike kila aliyekuja, alichotaka na alicholipa. Mitumbwi na kuta zimlishe. Daftari likishaonyesha kwamba kazi za sura na pikipiki anazozikataa kwa kukosa hewa zingemwingizia zaidi ya mkopo wa mashine, na kwamba wateja wake hawako wote kwenye chombo kimoja kinachoweza kuzuiwa kwa agizo moja, aende Bujumbura akanunue kompresa bila kumwogopa mtu.